Futi Tatu Zilizopotea Katika Nyumba ya Mjomba

Nyumba ninayoieleza ipo katikati ya jiji la Mwanza, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka bandarini, katika mojawapo ya mitaa iliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mbele kuna duka lenye milango miwili ya mbao, juu yake ghorofa moja yenye roshani nyembamba, na nyuma kuna ua mdogo uliozungukwa na jiko, stoo na vyumba ambavyo sasa vina wapangaji. Juu kabisa, kwenye ukuta wa mbele unaopanda kuficha paa, umeandikwa kwa saruji mwaka 1936. Mjomba wangu aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati fedha za sangara zilipokuwa zikizunguka mjini na viwanda vya minofu vikifunguliwa kando ya ziwa. Alipofariki mwaka 2011, ndugu waliniachia mimi kazi ya kuisimamia, kwa sababu ndiye pekee niliyebaki Mwanza na kwa sababu, kama walivyosema wenyewe kwenye kikao, mwalimu wa hesabu hawezi kushindwa na kodi za wapangaji sita.

Kodi hazikunishinda. Ukuta ndio ulionishinda.

Chumba cha nyuma kabisa, upande wa mlimani, ambacho mjomba alikigeuza kutoka stoo kuwa chumba cha kulala, kilikuwa na unyevu tangu siku niliyokabidhiwa funguo. Rangi ilikuwa imevimba kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti, ikibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake kulikuwa na unga mweupe ambao ukiuonja, nami niliuonja, una ladha ya chumvi. Nilifanya ambalo kila mwenye nyumba hapa mjini angelifanya. Nilimwita fundi kijana, akagonga lipu yote ya zamani hadi mawe yakaonekana, akapiga lipu mpya ya saruji iliyotumia mifuko kumi na minne, akailainisha, kisha akapaka rangi ya mafuta inayong'aa ili wapangaji waweze kuifuta kwa kitambaa. Kwa kuwa tayari alikuwa na saruji mkononi, nilimwagiza azibe pia matundu yaliyokuwa chini ya paa katika vyumba vyote, maana popo walikuwa wakiingia humo na mimi popo siwapendi.

Kwa miezi minane nilijiona mjanja. Masika ya mwaka 2013 yalipoanza, unyevu ulirudi, na safari hii haukuishia magotini. Ulipanda hadi usawa wa kifua, lipu ikaanza kuachana na ukuta kwa mapande makubwa, na ukiigonga kwa kidole ilitoa mlio wa mtungi mtupu. Ghorofani nako, ambako hakukuwa na unyevu wowote, mpangaji wetu mmoja anayeuza vitenge aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, chumba hiki siku hizi kinatupika." Nilimjibu kwamba joto limezidi kila mahali. Lilikuwa jibu la mtu asiyetaka kufikiri.

Fundi wa pili aliishauri familia ibomoe. Wa tatu alikuwa mzee aliyeletwa na mwalimu mwenzangu, mtu aliyejifunza kazi ujanani kwenye majengo ya misheni upande wa Bukumbi, ambako Wamisionari wa Afrika walifika tangu mwaka 1883 na kuacha kuta nyingi za mawe zinazohitaji mtu wa kuzitunza. Nilimwamkia na kuanza kumwongoza kuelekea kwenye chumba chenye tatizo, lakini yeye alisimama uani, akainua uso kuyatazama mawe makubwa yaliyorundikana kilimani nyuma ya nyumba.

"Mwalimu, maji ya huko juu yanapita wapi?"

Nilimwambia kwamba hakuna maji ya huko juu, mfereji wa mtaa uko mbele. Alinitazama kwa huruma kidogo. Yeyote aliyekulia Mwanza anajua, hata kama hajawahi kulitamka, kwamba vilima vyetu ni granaiti tupu yenye udongo kidogo katikati ya mawe. Mvua ikinyesha juu ya mwamba haina pa kuzama, hivyo inashuka yote, tena kwa kasi, na Mwanza hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Maji hayo yalikuwa yakishuka nyuma ya nyumba yetu kila mwaka kwa miongo mingi, na mimi nilikuwa nikishughulika na rangi.

"Aliyejenga hapa hakuwa mjinga," mzee alisema. "Mlima aliuona. Tafuta alikoyapitisha maji, halafu uniite." Akakataa hata hela ya nauli, akaondoka.

Kwa hiyo nikaanza kuisoma nyumba kwa njia pekee niliyoijua, yaani kwa kuipima. Nilinunua utepe wa mita thelathini, nikamchukua mwanafunzi wangu mmoja ashike upande wa pili, na kwa Jumamosi tatu tukapima kila chumba, kila ukuta na kila kimo. Jambo la kwanza tuliloligundua ni kwamba ile haikuwa nyumba moja. Kuta za sehemu ya mbele zilikuwa na unene wa sentimita 23 na zimejengwa kwa matofali ya saruji, ilhali kuta za nyuma zilikuwa na unene wa sentimita 55 na zimejengwa kwa mawe ya granaiti yaliyolazwa katika udongo, viungo vyake vikazibwa kwa chokaa kwa nje tu. Mahali sehemu hizo mbili zinapokutana, mawe na matofali hayakufumwa pamoja hata kozi moja. Palikuwa na mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu, kama mshono wa nguo iliyoongezwa kitambaa. Mwaka 1936 uliokuwa umetupumbaza wote ulikuwa mwaka wa uso wa nyumba, si wa nyumba yenyewe.

Hapa niseme jambo linalonikera kidogo. Mwanza kila jengo lenye mawe huitwa "la Mjerumani". Ni kweli kwamba Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892 na walikaa hadi Waingereza walipoutwaa mji Julai 1916, na nyumba ya Theodor Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya katika zama hizo, ni ushahidi kwamba walijenga na walipenda kukaa juu mahali penye upepo. Lakini sehemu kubwa ya mji tunaouita wa zamani haikujengwa na serikali yoyote. Ilijengwa na wenye maduka, kwa fedha za ngozi, karanga na baadaye pamba, na mafundi walioyapanga mawe yale walikuwa Wahindi na Waafrika ambao majina yao hayajaandikwa kwenye ukuta wowote. Hati ya kiwanja chetu, iliyotolewa chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923, inaonyesha katika ramani yake kwamba jengo la mawe lilikuwa tayari limesimama pale. Sehemu ya nyuma, basi, ilikuwa duka na ghala kabla ya kuwepo ghorofa yoyote.

Ukijua vifaa vilifikaje mjini, mgawanyo huo wa nyumba unaeleweka wenyewe. Mawe hayakuhitaji kusafirishwa. Mwamba unapashwa moto kwa kuni hadi upasuke kwa matabaka, kisha unavunjwa kwa nyundo, kazi ambayo kina mama na vijana wanaifanya hadi leo pembezoni mwa jiji. Bati, misumari na saruji ndivyo vilivyotoka mbali. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kuanzia hapo mzigo uliweza kupakiwa melini na kuvuka ziwa hadi hapa. Reli yetu wenyewe kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Mtu aliyejenga kabla ya hapo alitumia saruji kama tunavyotumia iliki, kidogo sana na mahali pa lazima. Aliyejenga mwaka 1936 aliweza kuagiza kwa mkono mkunjufu zaidi, ndiyo maana roshani yetu inabebwa na boriti mbili za chuma ambazo, nilipokwangua tabaka nne za rangi kwa kisu, zilionyesha maandishi yaliyonyanyuka kwenye chuma chenyewe: Dorman Long, Middlesbrough, England. Ni kampuni ileile iliyojenga daraja kubwa la Sydney lililofunguliwa mwaka 1932. Nilikaa juu ya ngazi ile kwa muda, kisu mkononi, nikiwaza safari ya kipande kile cha chuma hadi kuja kubeba kamba za kuanikia nguo.

Jambo la pili tuliloligundua lilikuwa la hesabu tupu. Hati inasema kina cha kiwanja ni futi 80. Nilijumlisha vyumba, kuta na ua kutoka barazani hadi ukuta wa mwisho wa choo, nikapata futi 76 na inchi 9. Nilirudia mara mbili, maana mwanafunzi wangu alikuwa na tabia ya kushika utepe ukiwa umelegea, lakini jibu lilikuwa lilelile. Futi tatu na inchi tatu zilikuwa zimepotea nyuma ya chumba chenye unyevu.

Nilimwita mzee. Alisikiliza hesabu yangu hadi mwisho, akacheka, akachukua nyundo na kutoboa ukuta mwembamba wa matofali uliokuwa pembeni mwa choo. Nyuma yake kulikuwa na uchochoro, upande mmoja ukuta wa nyumba na upande wa pili ukuta mwingine wa mawe uliojengwa kuuzuia mlima usiiegemee nyumba, na chini yake mfereji uliosakafiwa kwa mawe bapa ukiteremka kuelekea barabarani. Uchochoro mzima ulikuwa umefunikwa kwa zege, umezibwa pande zote mbili, na umejaa tope hadi usawa wa kiuno. Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyefanya hivyo. Mjomba alijenga choo na stoo ya mkaa mwaka 1994 na alijisifu sana kwamba alipata nafasi ya bure. Aliyemuuzia hakumweleza kazi ya uchochoro ule, naye hakuuliza, kama nami sikuuliza.

Vibarua wanne walitumia siku tatu kutoa tope. Tulivunja choo, tukakijenga upya upande wa pili wa ua kwa gharama ambayo ndugu zangu bado wananikumbusha kila tunapokutana msibani au harusini.

Baada ya hapo ndipo mzee alipokubali kuingia ndani na kuutazama ukuta. Aliloanisha kipande cha kiungo cha zamani kwa mate, akakikwangua kwa msumari, kikatoka unga laini. Kisha akafanya vivyo hivyo kwenye lipu yangu ya saruji na msumari ukateleza. Alinieleza kwa utaratibu ambao ningependa walimu wa fizikia wauige. Jiwe la granaiti halinywi maji. Udongo ulio katikati ya mawe ndio unaoyanywa na kuyapandisha kutoka chini. Ukuta wa namna hiyo siku zote una unyevu kidogo, na hilo si kosa, mradi unyevu upate pa kutokea. Chokaa ina vinyweleo, hivyo maji hupita na kukauka hewani, yakiacha chumvi yake juu ya uso ambako unaweza kuipangusa kwa ufagio. Saruji na rangi ya mafuta huufunga mlango huo. Maji yakikosa pa kutokea magotini, yatapanda hadi yapate pa kutokea, na chumvi itakayobaki nyuma ya lipu ndiyo itakayoisukuma hadi ianguke. Kwa maneno mengine, mifuko yangu kumi na minne ndiyo iliyoyapandisha maji kifuani.

Lipu yote ilishushwa. Mzee alinunua chokaa ya mifuko ya kawaida, ileile inayotumika kupaka kuta na mashina ya miti, akailoweka kwenye mapipa mawili kwa majuma matatu hadi ikawa nzito kama maziwa ya mgando, kisha akachanganya kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Ilipigwa kwa matabaka membamba, na kila tabaka lilifunikwa kwa magunia yaliyoloanishwa asubuhi na jioni, kwa kuwa chokaa haigandi kwa kukauka haraka bali kwa kuivuta polepole hewa ya ukaa kutoka katika hewa iliyoizunguka. Kazi ambayo kwa saruji ilichukua siku tano, kwa chokaa ilichukua majuma saba. Mpangaji wa chumba hicho alihamia kwa dada yake Igoma, na kodi ya miezi miwili ikapotea.

Wakati wa kukwangua rangi sehemu ya juu ya ukuta, ambako lipu ya kwanza kabisa haikuwa imeguswa, vibarua waliniita. Chini ya rangi kulikuwa na mistari ya penseli, safu kwa safu, pamoja na tarakimu ambazo sikuweza kuzisoma. Nilimwomba mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu aje kutazama. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye kila safu bila kugusa ukuta, akasema ni Kigujarati na ni hesabu ya magunia ya karanga, yaliyoingia na yaliyotoka. "Huyu alikuwa anakosea kujumlisha," akaongeza, na kwa kuwa tulikuwa wawili tunaopenda hesabu, tulisimama pale tukitafuta kosa. Lilikuwa katika safu ya tatu, magunia kumi.

Mistari ile ilinifafanulia kitu ambacho vipimo havikunionyesha. Chumba kile hakikukusudiwa kulala mtu. Madirisha yake ni madogo na yako juu kwa sababu ni ghala, na sakafu imeinuliwa ngazi tatu ili magunia yasiguse unyevu na ili yapakiwe kwa urahisi. Kumweka humo mama, baba, watoto watatu na jiko la mkaa kulikuwa kumeongeza mvuke ambao ukuta haukuwahi kuuona. Ghorofani ilikuwa kinyume chake: aliyepajenga aliwafikiria watu. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, hivyo joto kubwa huingia kupitia bati. Ndiyo maana dari ya mbao iko mita 4.2 kutoka sakafuni, ndiyo maana milango ya roshani ina vibao vilivyoinamishwa vinavyopitisha upepo hata ikifungwa, na ndiyo maana kulikuwa na yale matundu chini ya paa, mbele na nyuma, ili upepo wa ziwani wa alasiri uingie upande mmoja na hewa ya moto itoke upande wa pili. Niliyaziba yote kwa ajili ya popo wasiozidi kumi. Tuliyafungua tena na kuweka wavu, na yule mama wa vitenge hakusema kitu, ila aliacha kulala barazani.

Nilidhani pia kwamba nyumba ya namna hii inalindwa na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863, na yaliyofuata hulindwa yakitangazwa rasmi. Mwaka 1863 hapakuwa na jengo hata moja la mtaa huu. Kilichoiokoa nyumba yetu hadi sasa ni mambo madogo zaidi. Sheria ya utwaaji wa majengo ya mwaka 1971 ilichukua nyumba za thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea ambazo wenyewe walikuwa wakizipangisha, zikawa chini ya Msajili wa Majumba hadi kazi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Jirani yetu mwenye ghorofa tatu alipoteza yake. Hii yetu, kwa udogo wake, haikufikia kiwango, ikabaki mikononi mwa familia iliyoijenga hadi walipomuuzia mjomba. Leo wanaokuja kuulizia bei huja na utepe kama wangu, lakini hupima kiwanja tu.

Jambo moja bado halijakwisha. Ule mshono kati ya nyumba ya nyuma na ya mbele umeanza kufunguka tangu mtaro wa barabara ulipochimbwa na kuongezwa kina. Mzee alibandika vipande viwili vya kioo chembamba juu ya ufa, kimoja karibu na sakafu na kingine karibu na dari, kila ncha ikashikwa kwa lipu ngumu, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Kioo hakinyumbuki, kwa hiyo ukuta ukisogea hata kwa upana wa uzi, kinapasuka. Nilikuwa nikivikagua kila Jumapili baada ya ibada. Cha juu kilipasuka Aprili mwaka jana, cha chini bado ni kizima. Nilimpigia simu mzee kumweleza, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba uso wa nyumba unainamia barabarani kutoka juu, kwamba tusiguse msingi kwanza, na kwamba nitafute fundi wa vyuma anayeweza kufunga fito mbili za kuivuta ghorofa irudi kwenye mawe ya nyuma. Nimempata mmoja pale Mabatini. Anakuja kupima Jumamosi.